Francis Aston, mtu aliyepima uzito wa atomu

Ukipepeta mpunga, upepo husukuma makapi mbali, na punje nzito huanguka karibu. Leo tunamkumbuka Mwingereza aliyezitenga atomu kwa njia inayofanana na hiyo.

Francis William Aston alizaliwa tarehe 1 Septemba 1877 huko Harborne, Birmingham. Kwa miaka mitatu alifanya kazi katika kiwanda cha bia. Mwaka 1910 alihamia Cambridge kumsaidia J. J. Thomson, mgunduzi wa elektroni.

Siku hizo wengi waliamini kuwa atomu zote za elementi moja zina uzito sawa. Lakini gesi ya neoni iliwatatiza: ilionyesha uzito wa 20 na pia wa 22. Je, ni gesi moja au mbili? Kabla ya jibu kupatikana, Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka, na Aston akaenda kufanya utafiti wa ndege za kijeshi.

Aliporejea Cambridge mwaka 1919, aliunda chombo chake. Atomu zilitiwa chaji ya umeme, zikarushwa kwenye bomba lililoondolewa hewa, zikapita penye nguvu za umeme na sumaku. Nyepesi zilipinda zaidi, nzito kidogo, kila uzito ukaacha mstari wake kwenye bamba la picha. Jibu likapatikana: neoni ni moja, ila atomu zake hazilingani uzito. Atomu za namna hiyo huitwa isotopu. Aston aligundua isotopu 212, na mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Vipimo vyake vilionyesha pia kwamba atomu nne za haidrojeni ni nzito kidogo kuliko atomu moja ya heliamu. Mwaka 1920, Arthur Eddington alieleza maana yake: haidrojeni ikigeuka heliamu, uzito unaopungua huwa nishati. Katika kila kilo 1,000, hupungua takriban 7. Ndiyo siri ya jua linaloivisha mazao yetu.

Aston alionya mapema kwamba nishati iliyomo ndani ya atomu inaweza kuangamiza. Alifariki tarehe 20 Novemba 1945, miezi mitatu baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki.

Leo wanasayansi hupima hata viini vya atomu vinavyodumu chini ya sekunde moja. Huvisukuma kwa nguvu sawa na kupima muda vinaosafiri: chepesi hutangulia, kizito hufuata.