Edwin Armstrong: aliyetuletea FM akafa kesi haijaisha

Wadau, kila mtu ana stesheni yake ya FM anayoipenda, iwe kwenye daladala, saluni au kwenye simu. Ila ukiuliza nani kaileta FM, wengi watakutajia Marconi. Hapana. Marconi ana heshima yake, lakini wa FM ni Mmarekani Edwin Howard Armstrong, na leo nataka tumkumbuke huyu jamaa.

Alizaliwa New York mwaka 1890. Akiwa kijana alisimamisha mlingoti wa antena nyumbani kwao Yonkers, akawa anashinda hapo ananasa mawimbi. 1912, bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, akapata njia ya kuyarudisha mawimbi dhaifu kwenye valvu tena na tena mpaka sauti ikawa kubwa. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza jeshi likampeleka Paris, na 1918 akabuni superheterodaini, mfumo wa kupokea mawimbi uliotumika kwenye redio nyingi sana.

Balaa likaanzia kwenye ule ugunduzi wa kwanza. Lee de Forest akadai ni wake. Wakaburuzana kortini miaka na miaka, na 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa de Forest, ingawa wahandisi wengi waliona Armstrong kaonewa.

Jamaa hakukata tamaa. AM hubeba sauti kwa kubadilisha nguvu ya wimbi, na radi nayo huvuruga nguvu hiyo hiyo, ndiyo maana AM inakwaruza. Yeye akaiacha nguvu ilivyo, akabadilisha masafa. Mikwaruzo kwishney! Hataza alipewa Desemba 1933.

Rafiki yake David Sarnoff, bosi wa RCA, alimruhusu kufanya majaribio juu ya Empire State Building, halafu 1935 akaambiwa aondoe vyombo vyake. RCA ilikuwa na biashara ya AM na ilikuwa inawekeza kwenye televisheni. Akajenga mnara wake Alpine, New Jersey. 1940 RCA ikampa ofa ya dola milioni 1 bila malipo mengine, akakataa. 1945 serikali ikahamishia FM kwenye megahezi 88 hadi 108, redio za FM za zamani zikawa makopo. 1948 akaishtaki RCA. Kesi ikavutwa, fedha zikaisha, ndoa ikayumba. Mwaka 1954 akajiua, akiwa na miaka 63.

Mjane wake, Marion, hakuacha. Mwaka ule ule RCA ikamlipa kama dola milioni 1, na kesi ya mwisho dhidi ya kampuni nyingine akaishinda 1967.

Mimi ninachokiona ni hiki: Armstrong alikuwa na hataza mkononi, na bado mwenye fedha alimmaliza kwa kuchelewesha tu. Kwa hiyo vijana wenye vipaji tusidanganyane kwamba ukishasajili kazi yako umemaliza. Haki ya kusubiri miaka mingi inamfaa mwenye akiba.

Haya wadau, angechukua zile milioni 1940 au alifanya sawa kukomaa? Mnasemaje?