Penfield: Daktari aliyepasua ubongo huku mgonjwa akipiga stori

Hebu jiweke kwenye meza ya upasuaji. Fuvu limefunguliwa, ubongo uko wazi, na wewe uko macho kabisa. Daktari anagusa ubongo wako kwa waya wenye umeme kidogo, kisha anakuuliza umehisi nini. Unamwambia kidole gumba kimekufa ganzi. Anaweka kikaratasi chenye nambari pale alipogusa, anasonga mbele.

Si filamu ya kutisha. Ndivyo Wilder Penfield alivyofanya kazi miaka mingi mjini Montreal, Kanada, akitibu watu ambao dawa za kifafa zilikuwa zimewashinda.

Jamaa alizaliwa 1891 huko Spokane, Marekani. Babake alikuwa daktari ambaye kazi ilimwendea mrama, hivyo watoto wakalelewa na mama. Penfield alisomea Princeton, akacheza futiboli ya Kimarekani, kisha akapata ufadhili wa kwenda Oxford. Mwaka wa 1916 meli aliyopanda, Sussex, ilipigwa na Wajerumani baharini kati ya Uingereza na Ufaransa. Aliumia mguu vibaya lakini akapona.

Sasa, kuna mtu mmoja ambaye bila yeye humwelewi Penfield: dadake mkubwa, Ruth. Tangu akiwa msichana Ruth alikuwa akishikwa na kifafa. Mwishoni mwa 1928, akiwa tayari mama wa watoto kadhaa, alifika Montreal hali ikiwa mbaya, na ikabainika ana uvimbe mkubwa kwenye ubongo, upande wa mbele. Penfield ndiye aliyempasua. Dadake mwenyewe! Aliondoa sehemu kubwa ya ubongo wa mbele upande wa kulia, lakini uvimbe wote haukutoka.

Ruth aliamka, akaongea, akacheka, akarudi kwa watoto wake. Ungedhani mambo ni shwari. Kisha miezi kama 15 baadaye akaamua kuandaa chakula cha jioni, mgeni akiwa kakake. Saa ya kula ilipofika, Penfield alimkuta jikoni amechanganyikiwa. Vyakula vyote vilikuwepo, kitu kimoja au viwili vikiwa motoni, saladi haijakamilika, nyama haijaanza kupikwa. Kila kazi aliijua. Kuzipanga, ipi itangulie na ipi ifuate, ndiko kulikomshinda. Penfield aliandika hayo kitaalamu 1935, na madaktari wakaanza kuelewa kazi ya sehemu hiyo ya ubongo. Wakati huo Ruth alikuwa ameshafariki. Uvimbe ulirudi, akaondoka 1931.

Tangu hapo Penfield alitaka mahali ambapo wapasuaji na watafiti wangefanya kazi chini ya paa moja. Wakfu wa Rockefeller ukatoa zaidi ya dola milioni 1.2, na 1934 Taasisi ya Neva ya Montreal ikafunguliwa.

Watu humpa sifa za kubuni upasuaji wa mgonjwa akiwa macho, lakini tuseme ukweli: aliujifunza kwa Otfrid Foerster huko Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani enzi hizo. Unawezekana kwa sababu ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Ganzi inapigwa kwenye ngozi ya kichwa. Na mgonjwa lazima aongee. Wengi wenye kifafa hupata dalili kabla ya kuanguka, labda harufu fulani au woga wa ghafla. Penfield alitafuta ni wapi umeme ungeileta dalili ileile, kwa sababu huenda hapo ndipo shida inapoanzia. Pia alijua pa kuacha, asije akakata sehemu ya usemi au ya mkono.

Vile vikaratasi vilizaa ramani. Kumbe midomo na vidole vina eneo kubwa kwenye ubongo kuliko mgongo mzima! Wengine walipoguswa upande wa sikio walisikia muziki au kuona tukio la zamani. Usidhani ilikuwa kwa kila mtu: kati ya wagonjwa 520 walioguswa eneo hilo, ni 40 tu.

Kuna waliolipa gharama. Injinia mmoja aliondolewa sehemu ya ndani ya upande wa kushoto, akabaki hawezi kuweka kumbukumbu mpya. Penfield na Brenda Milner, mtaalamu wa saikolojia, walishuku kwamba upande wa kulia ulikuwa umeharibika tangu zamani bila mtu kujua. Hawakuficha kosa hilo. Walilitangaza kwa wenzao. Injinia alipofariki, uchunguzi wa ubongo ukaonyesha walishuku sawa.

Penfield alistaafu 1960, akageukia uandishi. Alimaliza kitabu cha maisha yake wiki chache tu kabla ya kufariki Montreal, tarehe 5 Aprili 1976. Ndani yake yumo Ruth, na ile siku ya upasuaji.