Habari za Mzee Ham Mukasa wa Mukono

Tuadhimishapo Jubilei, ni desturi yetu kuwataja kwanza mashahidi waliomwaga damu yao. Ni haki kufanya hivyo. Walakini wako na watu wengine ambao Mungu hakuwaita kufa ujanani, bali aliwaacha wazeeke, wazae watoto, watawale, wakosee na kutubu, na mwisho wawahadithie wajukuu mambo waliyoyaona. Kazi yao nayo si nyepesi. Mmoja wao alikuwa Mzee Ham Mukasa wa Uganda, aliyezaliwa yapata mwaka 1870 na kufariki dunia mwaka 1956.

Pengine msomaji atauliza, Mganda huyu atuhusu nini sisi tunaosali kwa Kiswahili? Atuhusu sana. Wasomaji wa kwanza wa Uganda, kabla ya kupata vitabu kwa lugha yao, walijifunza Habari Njema katika vitabu vya Kiswahili vilivyochukuliwa kutoka pwani. Na baadaye walimu wa Kiganda walitoka kwao wakaenda kufundisha Busoga, Toro, Bunyoro, Nkore, na pande nyingine za Ziwa. Kwa hiyo tulikopeshana, wala haifai kusahau deni.

Ham Mukasa alikuwa mtoto wa Buddu. Angali mdogo alipelekwa kwa Kabaka Mutesa awe mmoja wa vijana watumishi wa barazani, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Wamisionari wa kwanza wa Misioni ya C.M.S. walifika kwa Mutesa mwaka 1877, na mwaka uliofuata akaja Mackay, fundi wa chuma na wa kupiga chapa vitabu. Vijana wa barazani wakavutwa na elimu ile mpya. Walisoma mchana wakipata nafasi, na usiku kwa siri wakikosa nafasi. Kusoma na kuamini vilikuwa jambo moja kwao, hata mtu aliyeamini akaitwa msomaji.

Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akashika ufalme. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto huko Busega. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Askofu Hannington aliuawa Busoga. Na tarehe 3 Juni 1886 wengi wakachomwa moto Namugongo. Hao walikuwa rafiki na rika wa Ham Mukasa; alikula nao, akasoma nao. Yeye alisalimika. Tumefikiri sana juu ya neno hili, maana twaona ya kuwa maisha yake yote yaliyosalia yalikuwa kama jibu kwa swali moja: aliyebakizwa, amebakizwa kwa kazi gani?

Kisha vita ikaja. Mwaka 1888 Mwanga alifukuzwa, na baada ya muda mfupi Wakristo nao wakakimbilia Nkore. Mwaka 1889 walirudi kwa silaha kupigana na jeshi la Kalema. Ham Mukasa alikuwa katika askari hao, na katika vita hivyo alipigwa risasi ya goti. Jeraha lilipona, lakini mguu haukurudia hali yake ya kwanza, akawa mwenye kuchechemea mpaka kaburini.

Hapa hatuna budi kusema kweli, kwa kuwa twaandika kwa ajili ya makanisa na walimu, wala si kwa ajili ya kusifu watu tu. Vita vile havikuwa vitakatifu. Waislamu na Wakristo waliopigana walikuwa ndugu wa nchi moja, na wengi walikuwa wamelelewa pamoja katika baraza moja. Wala haukupita muda mrefu, Januari 1892, Wakristo wenyewe, Waprotestanti na Wakatoliki, wakapigana kwa bunduki pale Mengo. Twaona haya kuyasimulia, lakini tukiyaficha watoto wetu watadhani ya kuwa kanisa lilijengwa na watu wasio na doa. Halikujengwa hivyo. Lilijengwa na watu wanaochechemea.

Baada ya vita Ham Mukasa alishika kalamu. Aliandika kwa Kiganda maelezo ya Injili ya Matayo, ili walimu wa vijijini wapate msaada katika kufundisha. Mtu aliyesoma kwa kujificha sasa akawawekea wengine taa mezani.

Mwaka 1902 Katikiro Apolo Kagwa alialikwa Uingereza kwa ajili ya kutawazwa Mfalme Edward wa Saba, akamchukua Ham Mukasa awe mwandishi wake. Walivuka Ziwa kwa meli, wakapanda gari la moshi ambalo reli yake ilikuwa imefika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901 tu, wakashuka Mombasa, na kutoka hapo wakasafiri baharini. Kutawazwa kulikuwa kuwe mwezi wa Juni, lakini Mfalme aliugua, kukaahirishwa mpaka tarehe 9 Agosti. Ham Mukasa aliandika safari yote: majengo, mashine, makanisa, na tabia za watu. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Padre Ernest Millar, aliyefuatana nao, kikatolewa mwaka 1904. Kabla ya hapo watu wa Ulaya ndio waliozoea kuandika habari zetu. Sasa Mwafrika aliandika habari zao, kwa heshima na kwa macho makali.

Mwaka 1905 alifanywa Sekibobo, ndiyo kusema chifu mkuu wa saza la Kyaggwe, akakaa Mukono. Wakati ule ugonjwa wa malale ulikuwa ukiangamiza watu wa pwani ya Ziwa na visiwa vyake. Yakadiriwa ya kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika nchi za ukingo ule. Tangu mwaka 1906 serikali iliagiza watu wahamishwe pwani. Kyaggwe ni saza la pwani, na agizo la namna hii huwaangukia machifu walitimize. Kumwambia mvuvi aache ziwa na makaburi ya baba zake si kazi ya kupendeza, hata ikiwa ni ya kumwokoa.

Alishika usekibobo miaka thelathini, mpaka mwaka 1935. Tena tuseme kweli: kwa Mapatano ya mwaka 1900 machifu walipewa ardhi nyingi, na wakulima wengi wakawa wapangaji katika nchi ya wazee wao. Ham Mukasa alikuwa mmoja wa hao machifu. Mali ni mtihani mgumu kuliko moto, kwa kuwa moto ni wa saa moja, na mali ni ya kila siku.

Nyumbani alikuwa baba wa jamaa kubwa. Katika siku ambazo ukuu wa chifu ulihesabiwa kwa wingi wa wake, yeye alishika ndoa ya Kikristo ya mke mmoja. Na mkewe alipofariki, alioa tena kanisani. Mukono pia kilijengwa Chuo cha Askofu Tucker cha kuwafundisha makasisi na walimu, ambacho tangu mwaka 1997 ni Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda.

Katika uzee wake aliandika tena kitabu kirefu juu ya siku za Mutesa na Mwanga, akakiita Simuda Nyuma, maana yake Sirudi Nyuma. Rika zake walikuwa wakienda mmoja mmoja, naye alijua ya kuwa akinyamaza, wale vijana wa barazani watakufa mara ya pili. Basi tumeona hilo ndilo jibu lake. Alibakizwa awe shahidi kwa kalamu.

Walimu wapenzi, katika kila mtaa wetu yuko mzee anayekumbuka kanisa la nyasi, mwalimu wa kwanza, njaa, na ugomvi uliopatanishwa. Wengine huchechemea, na maneno yao hurudia-rudia. Msingoje mazishi ndipo mwulize habari zao. Chukueni daftari, mkaketi karibu nao jioni, mwandike yaliyo mema na yaliyo ya aibu pia. Hivyo Jubilei ijayo itakuwa na cha kusoma, na sisi tutakuwa tumelipa sehemu ya deni.