Mwenye Heri Anuarite, aliyemsamehe mwuaji wake

Ukitoka Eringeti na kushika njia ya kaskazini, wafika Komanda. Ukigeuka huko upande wa magharibi, wapita Mambasa hata Nia-Nia, katikati ya msitu mkubwa. Na toka Nia-Nia njia yapanda tena kaskazini kwenda Wamba na Isiro. Basi huko Wamba, mahali paitwapo Matali, tarehe 29 Desemba 1939, alizaliwa mtoto wa kike wa kabila la Wabudu, ambaye leo Kanisa lote lamheshimu. Huyu si mtu wa ng'ambo ya bahari, wala si mtu wa zamani za Warumi. Ni jirani yetu.

Baba yake aliitwa Amisi, na mama yake Isude. Walimpa mtoto jina la Nengapeta, yaani mali hudanganya. Lakini alipopelekwa shuleni, jina la dada yake liliandikwa katika daftari mahali pa jina lake, nalo likamshika mpaka kufa: Anuarite. Maana yake, wasema wenye lugha, ni yule aichekaye vita. Aliyekosea kuandika hakujua alikuwa akiandika nini.

Isude alizaa binti sita, wala hakuzaa mtoto wa kiume. Kwa sababu hiyo Amisi alimwacha, akatafuta mke mwingine. Habari kama hii mwaijua vijijini mwenu, sina haja ya kuieleza sana. Mama akabaki na watoto wake; na kila mmoja wa wale binti alijua kwamba kosa aliloshtakiwa mama ni kwamba wao wamezaliwa wanawake. Anuarite alikua katika nyumba yenye jeraha hilo.

Lakini katika nyumba hiyo hiyo neema iliingia. Isude alikwenda kufundishwa dini, akawachukua na watoto wake. Mwaka 1943 Anuarite alibatizwa, akaitwa Alphonsine. Alisoma shule ya masista pale Wamba, akawaona wanavyoishi, akatamani kuwa kama wao. Mama hakutaka upesi. Basi siku moja gari lilikuja kuwachukua wasichana waliokuwa wakienda utawani Bafwabaka. Anuarite akapanda pamoja nao kwa siri, akaenda zake. Mama alipopata habari, akamwacha afuate njia yake. Tarehe 5 Agosti 1959 akaweka nadhiri katika shirika la Jamaa Takatifu, akapewa jina la Sista Marie-Clémentine.

Maisha yake ya utawani yasimuliwa kwa maneno machache. Alifundisha watoto wa shule, alitunza sakristia, alifanya kazi za jikoni. Mambo hayo hayaandikwi katika vitabu vikubwa.

Mwaka 1964 vita ya Wasimba ilienea mashariki mwa nchi. Mwezi wa Agosti waasi waliuteka mji wa Kisangani, ambao wakati ule uliitwa Stanleyville, na baadaye miji mingi iliyouzunguka. Mwezi wa Novemba, askari wa Ubelgiji waliposhuka kwa ndege Stanleyville na Isiro, hasira ya waasi iliwaka kuliko kwanza. Tarehe 26 Novemba, pale Wamba, Askofu Joseph Wittebols aliuawa. Siku tatu baadaye, tarehe 29, gari la waasi lilifika Bafwabaka. Masista wote, pamoja na wasichana waliokuwa bado katika malezi, waliambiwa wapande.

Tarehe hiyo ya 29 Novemba, sisi wa upande huu twaijua kwa uchungu wetu wenyewe. Maana ndiyo siku ambayo mwaka 2015 wauaji waliingia Eringeti, hata hospitali haikusalimika.

Masista walidhani wanapelekwa Wamba. Njiani mkuu mmoja wa waasi aliwanyang'anya rozari na misalaba, akaamuru wapelekwe Isiro. Walifika huko jioni ya tarehe 30. Waliwekwa katika nyumba ya wakubwa wa waasi, na hapo kanali mmoja, jina lake Ngalo, akamwona Anuarite, akataka kumtwaa awe mke wake. Anuarite akakataa. Mkubwa wa masista, Mama Léontine Kasima, naye akakataa, akaeleza kwamba hawa wamekwisha kumpa Mungu nadhiri. Ngalo akamwomba kanali mwenzake, Pierre Olombe, amsaidie kuivunja nia ya msichana huyo.

Wengine hupenda kuisimulia habari hii kana kwamba Anuarite hakuogopa. Sivyo. Aliogopa sana, tena aliwaomba wenzake wamwombee. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, katika nyumba ya watu wenye silaha, usiku, mbali na kwao.

Usiku huo Olombe aliwaamuru masista wengine waende kulala, akamzuia Anuarite pamoja na Sista Jean-Baptiste Bokuma, akataka waingie katika motakaa yake. Wakakataa. Walijaribu kukimbia, akawakamata, akaanza kuwapiga kwa bunduki. Mkono wa Sista Bokuma ukavunjika, naye akazimia. Anuarite akabaki amesimama. Alimwambia Olombe waziwazi kwamba ni afadhali afe kuliko kutenda dhambi ile. Akapigwa tena. Na katikati ya mapigo hayo akamwambia kwamba amemsamehe, kwa sababu hajui alitendalo. Olombe aliposikia hayo akakasirika zaidi, akawaita askari wake wamchome kwa visu. Kisha yeye mwenyewe akatoa bastola, akampiga risasi kifuani. Masista wakamchukua wakamwingiza ndani, na saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964, akakata roho.

Hapa wakatekumeni huuliza swali, nao hufanya vema kuuliza. Kama alimsamehe, mbona alishindana naye? Mbona hakunyamaza tu?

Tazameni vizuri jinsi ilivyokuwa. Msamaha wa Anuarite na katazo lake vilitoka katika kinywa kimoja, katika saa moja. Hakumwambia Olombe kwamba jambo hilo si kitu. Hakuliita tendo lake jina jingine lililo jepesi. Kwake lilikuwa dhambi, akaliita dhambi, akakataa kulitenda, akajaribu na kukimbia. Lakini mtu aliyeinua bunduki juu yake hakumtakia mabaya. Alifanya kama Bwana wetu alivyofanya msalabani, ambaye aliwaombea waliompigilia misumari, wala hakusema kwamba misumari ile haikumwumiza. Habari ya msalaba Anuarite aliisikia tangu utoto, kila Ijumaa Kuu. Na sala ya Baba Yetu, pamoja na lile ombi lake zito kuhusu waliotukosea, aliisali kila siku. Wala Olombe hakuomba radhi. Anuarite hakungoja aombwe.

Nasema haya kwa sababu kati yenu wako ambao, tangu Oktoba 2014, wamezika baba, mama, mume au mtoto aliyekatwa kwa panga shambani au njiani. Wengine hawakupata hata mwili wa kuzika. Nanyi siku ya kufundishwa Baba Yetu mtaambiwa muisali yote, bila kuruka ombi hata moja. Najua kwamba wako wanaofika kwenye ombi hilo, sauti ikawapotea. Hao wasidhani kwamba Kanisa lawataka waseme waliouawa hawakuuawa, au wamfiche mwuaji akitafutwa, au wamfungulie mlango akirudi na panga mkononi. Anuarite hakufanya hivyo. Wala Kanisa haliwaambii kwamba machozi ni dhambi. Laomba jambo moja: wasimtakie mtu yule upotevu wa milele, na wakishindwa kumwombea kwa moyo, waanze kwa mdomo, maana Mungu apokea na sala ya mdomo unaotetemeka. Jambo hilo ni gumu. Mkatekista asemaye kwamba ni rahisi, labda hajaumizwa bado.

Usiku ule haukuishia hapo, maana masista wengine nao walipigwa. Hata hivyo Sista Bokuma alipona. Yeye na wenzake hawakuficha neno lo lote. Walishuhudia nani alimpiga, nani alimchoma, nani alipiga risasi, na maneno aliyosema marehemu. Kwa ushuhuda wao twajua leo kwamba alisamehe. Na kwa ushuhuda huo huo twalijua jina la aliyemwua. Mambo hayo mawili hayakupingana mioyoni mwao.

Mwili wa Anuarite ulitupwa kaburini pamoja na maiti nyingine. Baada ya miezi kadhaa, vita ilipopungua, watu walilifukua kaburi lile. Na katika nguo zake kilionekana kisanamu kidogo cha Bikira Maria alichokuwa akikichukua mfukoni. Kwa alama hiyo wakamtambua. Waasi waliotwaa rozari njiani hawakukiona. Sasa mabaki yake yamewekwa kwa heshima huko Isiro, na waamini huja kusali hapo.

Tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikuwa Kinshasa, nchi ikiitwa Zaire wakati ule. Mbele ya umati mkubwa akamtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri. Ilikuwa imepita karibu miaka ishirini na moja tangu usiku ule wa Isiro. Katika mahubiri yake Baba Mtakatifu hakumpita yule aliyeua. Alikumbusha kwamba Anuarite alimsamehe. Kisha akatamka, watu wote wakisikia, kwamba yeye naye, kwa jina la Kanisa lote, anasamehe kwa moyo wote.