Louis Blériot na Fimbo ya Ndege

Mmewaona Wagenya juu ya mto Lualaba. Mgenya husimama nyuma ya mtumbwi, kafi mkononi, macho yake mbele. Hatazami kafi, wala hatazami mikono yake. Maji yakimvuta kwenye jiwe, mikono imekwisha kufanya kazi kabla yeye hajafikiri. Kama angepaswa kujiuliza kwanza ni mkono gani na upande gani, mtumbwi ungekwisha kupasuka.

Leo tutasoma habari za mtu aliyetafuta jambo hilohilo kwa ajili ya ndege. Jina lake ni Louis Blériot. Watu wanamsifu kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuvuka kwa ndege ile bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza. Lakini iko kazi yake nyingine, ambayo watu hawaitaji sana, nayo imeokoa roho za watu wengi. Alitafuta mahali panapofaa mikono na miguu ya rubani.

Louis alizaliwa tarehe 1 Julai 1872 katika mji wa Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa na kiwanda cha nguo. Alipopata miaka 10 alipelekwa kukaa katika shule ya Notre-Dame mjini humo. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, akapata zawadi nyingi, na mojawapo aliipata kwa kuchora michoro ya ufundi. Baadaye akasoma katika shule kubwa ya mainjinia huko Paris, akamaliza mwaka 1895.

Siku zile motokari zilikuwa chache, na taa zake zilikuwa hafifu. Blériot akatengeneza taa za gesi zenye mwanga mkali. Watu wakazinunua sana, naye akawa tajiri. Angeweza kukaa raha pamoja na mke wake Alice na watoto wao. Lakini moyo wake ulikuwa angani, na fedha za taa zikaanza kuliwa na ndege.

Mwaka 1900 alijenga mashine ya kupiga mabawa kama ndege wa porini. Haikuruka. Mwaka 1905 yeye na rafiki yake Gabriel Voisin walijenga ndege isiyo na motere, ikavutwa kwa mashua juu ya mto Seine. Ikaanguka majini, na Voisin aliyekuwa ndani yake akakaribia kuzama. Blériot hakukata tamaa. Kila ndege aliyojenga aliipa namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndege ya tano ilianguka na kuvunjika mwezi wa Aprili 1907.

Ndege ya sita ndiyo iliyomfundisha zaidi. Siku moja mwezi wa Septemba 1907 alipanda nayo hadi mita 25 hivi. Mara motere ikazimika. Pua ya ndege ikaelekea chini, na ndege ikaanza kuanguka kama jiwe. Blériot akatoka katika kiti chake, akajitupa nyuma upande wa mkia, ili uzito wake uinue pua. Ndege ikanyoka kidogo, ikapiga ardhi kwa tumbo. Ikavunjika, lakini yeye alipata majeraha madogo tu usoni, kwa vioo vya miwani yake.

Siku ile mwili wake mzima ulikuwa ndio usukani. Lakini mtu hawezi kuondoka kitini mwake kila mara ndege inapoyumba. Yafaa nini basi? Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kazi ya ufundi.

Funga kitabu chako, ukilaze juu ya kiganja cha mkono. Sasa kitabu hicho ni ndege. Inua mbele yake, kisha uishushe: hiyo ni pua kwenda juu na chini. Inamisha upande wa kushoto, kisha wa kulia: hayo ni mabawa kuinama. Tena, kikiwa kimelala sawasawa, kigeuze kielekee dirishani, halafu kielekee mlangoni: huko ni kugeuza njia. Ndege ina miendo hiyo mitatu, na rubani lazima aitawale yote mitatu kwa wakati mmoja. Lakini ana mikono miwili tu na miguu miwili. Basi, fundi ataweka nini mkononi, na nini mguuni?

Mafundi wa zamani hawakupatana. Huko Marekani, ndugu wawili Wilbur na Orville Wright walikuwa wa kwanza kuruka vizuri kwa ndege yenye motere, mwaka 1903. Mwanzoni rubani wao alilala kifudifudi, akainamisha mabawa kwa kusogeza kiuno. Mwaka 1908 walimketisha rubani kitini, wakampa fimbo mbili. Fimbo ya mkono wa kushoto ilipandisha na kushusha pua. Fimbo ya mkono wa kulia iliinamisha mabawa.  Ilimpasa kujifunza kwa muda mrefu.

Tarehe 14 Mei 1908 Wilbur mwenyewe, aliyekuwa hodari kuliko wote, alikosea kuzitumia fimbo hizo mpya. Ndege ikapiga mchanga kwa nguvu. Bahati njema, hakufa. Tazameni: ujuzi ulikuwapo, na ushujaa ulikuwapo, lakini mkono ulipotea njia.

Fundi mwingine wa Ufaransa alijenga ndege iitwayo Antoinette. Humo rubani alikuwa na magurudumu mawili, moja kila upande wa kiti. Moja lilikuwa la pua, la pili la mabawa. Kila gurudumu lilitaka mkono wake, na kila mkono ulipaswa kukumbuka kazi yake.

Blériot alichagua njia nyingine. Katika ndege yake ya nane, mwaka 1908, aliweka fimbo moja tu, mbele ya kiti, katikati ya magoti ya rubani. Chini ya fimbo alifunga chuma chenye umbo la kengele, na kwenye ukingo wa kengele hiyo alifunga nyaya zilizokwenda kwenye mabawa na mkia. Ukisukuma fimbo mbele, pua inashuka. Ukiivuta kwako, pua inapanda. Ukiilaza kushoto, ndege inainama kushoto. Ukiilaza kulia, inainama kulia. Chini ya miguu aliweka mti wa kukanyaga, ambao uligeuza usukani wa mkia.

Je, mmeona hekima yake? Fimbo inakwenda upande uleule ndege inakokwenda. Ikiwa upepo umeinua bawa la kulia, mkono unalaza fimbo kulia, na bawa linashuka. Mtoto anayepanda kinga kwa mara ya kwanza huanguka mara nyingi. Lakini baada ya siku chache mikono na miguu hufanya kazi pamoja, naye huimba njiani. Ndivyo Blériot alivyotaka iwe kwa rubani.

Tusimpe mtu mmoja sifa yote. Mfaransa mwingine, Robert Esnault-Pelterie, naye aliweka fimbo katika ndege yake siku zilezile. Na Blériot mwenyewe hakuona haya kujifunza kwa wengine. Tarehe 8 Agosti 1908 alikwenda karibu na mji wa Le Mans kumtazama Wilbur Wright akiruka. Akaona namna mabawa ya Wright yalivyopindwa ili ndege iiname vizuri, naye akafanya hivyo katika ndege yake ya kumi na moja. Lakini zile fimbo mbili za Wright hakuzichukua. Alichukua kilicho chema, akaacha kisichomfaa.

Mwezi wa Oktoba 1908 aliruka kutoka Toury mpaka Artenay na kurudi, kwa jumla kilometa 28 hivi, akitua njiani. Mwezi wa Januari 1909 ndege ya kumi na moja iliruka kwa mara ya kwanza. Lakini mali yake ilikuwa imekaribia kwisha.

Gazeti moja la London lilikuwa limeahidi pauni 1,000 kwa mtu atakayevuka bahari kwa ndege. Tarehe 19 Julai 1909 Hubert Latham alijaribu kwa ndege ya Antoinette. Motere ikazimika, akaanguka majini, akaokolewa na meli. Blériot naye alikuwa akijitayarisha, ila alikuwa mgonjwa. Mapema mwezi ule bomba la moto la motere lilikuwa limemuunguza mguu. Alitembea kwa magongo. Na kumbukeni, katika ndege yake miguu ilikuwa na kazi!

Hata hivyo alipanda. Tarehe 25 Julai 1909, jua likichomoza, aliondoka karibu na mji wa Calais. Motere yake ilikuwa na nguvu za farasi 25 tu. Hakuwa na dira. Baada ya muda akaiacha nyuma meli iliyomfuata, na kwa dakika kumi hivi hakuona kitu ila ukungu na maji. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza njia. Alishika fimbo, akakanyaga ule mti kwa mguu wenye jeraha, akaendelea mbele.

Kisha akaona majabali meupe ya Uingereza. Karibu na pwani upepo ukawa mkali, ukaitikisa ndege yake nyepesi. Alipofika juu ya uwanja wa majani karibu na ngome ya Dover, akazunguka, akazima motere, akaanguka kwa kishindo. Magurudumu na panga la mbele vilivunjika. Mwenyewe alitoka mzima. Safari ilikuwa imechukua dakika 36 na nusu.

Kabla ya mwaka kwisha, watu zaidi ya 100 walikuwa wameagiza ndege kama yake. Marubani wengi wakajifunza kwa fimbo yake, na mafundi wengine wakaifuata. Mwezi wa Desemba 1909 Blériot alianguka tena, katika mji wa Istanbul, akavunjika mbavu. Tangu hapo hakushindana tena. Alikaa na kazi ya kujenga ndege. Alikufa Paris tarehe 1 Agosti 1936. Ile ndege iliyovuka bahari imehifadhiwa Paris katika jumba la makumbusho, nayo imetundikwa ndani ya jengo lililokuwa kanisa zamani.

Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Bruxelles tarehe 12 Februari, wakafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Ndege yao ilikuwa na motere tatu. Na leo ndege ndogo ikitua Kasongo, mkimbilia kuitazama, chungulieni mahali pa rubani. Mtaona kitu cha kushika kwa mkono, ama fimbo ama usukani, na chini mtaona pedali za miguu. Ukivuta, pua inapanda. Ukisukuma, inashuka. Sheria ni ileile ya Blériot.

Hata sasa wako watu wanaojijengea ndege zao wenyewe. Fundi mwenye akili, kabla ya kupigilia msumari mmoja, huketi kwanza katika kiti, hufumba macho, hunyosha mkono. Mahali mkono unapofika wenyewe, hapo ndipo anapoweka fimbo. Na wewe, ukiwa seremala au fundi wa kinga, fanya vivyo hivyo. Usitengeneze kitu kwa ajili ya macho tu. Mfikirie mtu atakayekishika siku ya hatari, asipokuwa na nafasi ya kufikiri.

Maswali

1. Blériot alipata wapi fedha za kujenga ndege?
2. Mwezi wa Septemba 1907 alifanya nini motere ilipozimika?
3. Taja miendo mitatu ya ndege. Uionyeshe kwa kitabu chako.
4. Kwa nini Wilbur Wright alianguka tarehe 14 Mei 1908?
5. Blériot alichukua nini kwa Wright, na nini hakukichukua?
6. Tazama jembe, kafi au kinga ya nyumbani kwenu. Mkono unashika wapi? Kwa nini hapo, si mahali pengine?