Padri Crazzolara na chimbuko la Kialur cha Mahagi

Mualur wa Mahagi, jimboni Ituri, akikutana na Muacholi wa Gulu wanasikilizana, na hata Mjaluo wa Kisumu akiongea hashindwi kushika maneno kadhaa. Padri Josef Pasquale Crazzolara, wa shirika la Wacomboni, alitumia maisha yake kutafuta sababu.

Alizaliwa mwaka 1884 katika milima ya Tyrol, iliyokuwa chini ya Austria na leo ni Italia. Nyumbani kwao waliongea Kiladin, lugha inayobadilika toka bonde moja hadi lingine. Pengine huko ndiko sikio lake lilianza kuzoea tofauti ndogo za matamshi.

Akiwa mmisionari kaskazini mwa Uganda na kusini mwa Sudani, alitoa sarufi ya Kinuer mwaka 1933, ya Kiacholi mwaka 1938 na ya Kilogbara mwaka 1960. Lakini kazi iliyompa jina ni The Lwoo, vitabu 3 vya kati ya 1950 na 1954, alimokusanya masimulizi ya koo. Humo mna habari ya ndugu waliogombana kwa ajili ya mkuki na ushanga, wakaachana Pubungu, karibu na Pakwach. Nyipir akavuka Nile kwenda magharibi, na machifu wa Kialur wanajihesabu uzao wake.

Huko milimani Walwo walikuta Walendu na Waokebo, wenye lugha zao. Wengi wao, wakiishi chini ya machifu hao, walianza kuongea Kialur. Ndiyo maana Kialur cha milimani hakifanani kabisa na cha Wajonam wa kando ya Nile. Baadaye ukaja mpaka wa wakoloni: Mahagi ikabaki kwa Wabelgiji na kusoma Kifaransa, West Nile ikaingizwa Uganda mwaka 1914 na kusoma Kiingereza.

Crazzolara aliamini mno misafara mikubwa ya watu. Mwaka 1994 mwanahistoria Ronald Atkinson alionyesha kwamba Waacholi wengi ni uzao wa wenyeji wa zamani waliopokea lugha ya wageni wachache. Ituri, ambako swali la nani alitangulia kufika limetumiwa kuchochea vita, hoja hiyo si ya wasomi peke yao.

Padri huyo alifariki mwaka 1976. The Lwoo ilichapwa Verona, kwa Kiingereza.