Hank Ballard, mwenye kutunga Twist

Wazee wetu wengi wanakumbuka Twist, ile dansi ya kuzungusha kiuno na magoti. Mwenye kutunga wimbo wake alikuwa mfanyakazi kama sisi.

Hank Ballard alizaliwa ku Detroit, Marekani, mwaka 1927. Baba yake alipokufa, akapelekwa kwa ndugu ku Bessemer, muji wa migodi ya chuma, akakulia kule akiimba mu kanisa. Aliporudia Detroit akafanya kazi mu usine ya motokari ya Ford. Mwaka 1953 akaingia mu kikundi cha Royals, kisha wakajiita Midnighters.

Mwaka 1958 wakarekodi Twist. Wakubwa wa diski wakaiweka upande wa pili, ule watu hawasikilize sana. Mwaka 1960 kijana wa Philadelphia, Chubby Checker, akaiimba tena, sauti karibu sawasawa. Ballard akaisikia ku redio, akazani ni diski yake mwenyewe! Kumbe hapana. Ile ya Checker njo ikafika namba 1, na mwaka 1962 ikafika tena. Sifa zote zikaenda kwa Checker.

Lakini ku karatasi, mtunzi alibakia Ballard. Njo maana kila diski ya Checker iliyouzwa ilimuletea naye falanga, na hakumuwekea Checker kinyongo. Alikufa mwaka 2003.

Sisi wachimbaji tunajua: jasho peke yake halitoshe. Mbele ya kutia sahihi, tuangalie kama jina letu na kazi yetu vimeandikwa.